Mawe Yamejiwasha Yenyewe, Kitindamimba Wangu Ameonewa

Kwa Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Kukamua Mafuta Kwenye Mawe,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mama wa yule binti anayemwagia maji rundo la mawe mliyokwisha kuyapika. Shule sikufika mbali, nikiteleza adabu nivumilie, ni presha. Umemsimamisha kazi mwanangu eti amewasha rundo. Analia, chakula hagusi, na yeye asipokula mimi hakinipiti. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Mnasema mawe mkishayakamua mafuta yamekwisha. Yamekwisha wapi, baba? Ndani unabaki weusi, mkaa mtupu. Yanatoka tanurini ya moto, yakikutana na hewa yanajiwasha bila kiberiti. Nje yanageuka jivu, ndani moto unaendelea kula taratibu, kimya kimya. Jiko langu la mkaa ni hivyo hivyo: nikilifukia linalala, nikilichokonoa linaamka.

2. Mwanangu kiberiti anakiogopa. Akiwasha jiko hapa nyumbani anafumba macho, nami nimemshika kiuno.

3. Kama mkosaji ni aliyeingiza hewa, basi simamisha upepo. Huo upepo umeajiriwa na nani? Kila siku unapita getini bila kitambulisho, mlinzi anautazama tu! Mwanangu akisahau chake anarudishwa nyumbani.

4. Rundo lifunikwe vizuri kama mtoto aliyelala, pasibaki hata tundu. Natoa blanketi langu la harusi. Mwanangu akirudi kazini atalichomekea pembeni, kazi hiyo nimemfundisha mwenyewe.

5. Blanketi likiungua, usiseme tena ni yeye.

Msalimie mkeo, watoto, mpishi wenu na mlinzi, ingawa nimemsema. Upepo usiusalimie.

Nasubiri jibu nikiwa nimesimama mlangoni,
Mama yake Kitindamimba.

N.B. Nilisahau. Vile viazi vyangu viwili alivyovichimbia katikati ya rundo siku ile, sasa vitakuwa vimeiva. Naomba mlinzi aniletee. Mwanangu alitaka kuvifukia juu juu tu, nikamwambia hapana, chukua beleshi, chimba shimo refu, uliache wazi moto upate hewa, la sivyo haviivi. Akafanya vile vile nilivyomwambia. Ni mtoto msikivu sana, Ndugu Meneja, ndiyo maana nasema mrudishe.