Paka ya Makaratasi

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Raja amekufa. Saa nne asubuhi. Lori ya viazi kutoka Mau Narok. Imempitia juu.

Raja ni paka ya Mama Indira. Mama na bwana yake, Boss Navin wa hardware, wako Mombasa kwa harusi mpaka Ijumaa. Mimi ni mtu wao wa shamba, miaka kumi na moja. Wiki hii nikaongezewa paka. Sikuitisha.

Makosa si yangu. Raja alitoka kutafuta chakula. Sawa, chakula yake nilikula mimi. Kuku ya kuchemsha, haina mfupa, kila siku! Tangu Wawira bibi yangu afe, mimi sijaona kuku. Raja nilimwekea ugali. Aliangalia ugali. Aliniangalia mimi. Akatoka na geti.

Geti niliacha wazi mimi. Lakini lori si yangu.

Dualeh, askari wetu, alikuwa ameenda chai. Kurudi, akalia. Mtu mzima na rungu, analilia paka! Tukamzika nyuma ya avokado. Halafu akapangusa macho, akaniambia Mama atanitoa kwa kota Ijumaa kabla hajavua viatu.

Kota ni chumba moja. Kitanda, jiko, picha ya Wawira. Nikitolewa hapo sina kwingine.

Jumanne, 7 Agosti

Sikulala. Nilifikiria paka.

Hadithi ya Raja naijua kuliko Baba Yetu. Mama anaambia kila mgeni. Si paka ya kawaida, ni Sokoke. Nyanya zake walitoka msitu ya Sokoke, kule Pwani. Wagiriama walikuwa wanawaona tangu zamani, wanawaita khadzonzo. Halafu miaka ya sabini mama mmoja mzungu akaokota watoto wa paka. Wengine wakapelekwa Denmark na ndege. Huko wakapewa makaratasi ya kuonyesha ukoo.

Yaani paka ya hapa imeenda Ulaya, imerudi, sasa haiwezi kula ugali. Kama tu kijana ya chifu wetu.

Nikaangalia picha yake kwa ukuta. Rangi kama ganda ya mti. Miguu ya nyuma mirefu, anatembea na ncha ya vidole kama mtu amechelewa kanisa. Baridi hawezi. Anachanwa na glavu ya mpira, mara moja kwa wiki. Mimi kichwa yangu ilichanwa mara ya mwisho Pasaka.

Halafu nikakumbuka. Hiyo rangi nimeiona! Mtaa ya Rhonda, kwa mama wa samaki anaitwa Wangu!

Jumatano, 8 Agosti

Nimeenda Rhonda. Wangu ni mjane, anakaanga samaki kando ya barabara. Chini ya meza yake, Raja mwenyewe! Miguu, rangi, dharau. Sikio moja tu imepasuka, na dada yake amelala kando.

Wangu akasema paka hauzwi. Paka ya kununuliwa haishiki panya, kila mtu anajua. Unaleta kitu, mnabadilishana. Nikatoa kuku tatu za friji ya Mama. Wangu akauliza kama hiyo ni mahari, na kama paka amekubali. Wateja wakacheka mpaka mmoja akameza mwiba. Mwingine akasema wacheni mzee aoe, angalau apate wa kumpikia.

Nikaweka paka kwa gunia. Paka akiona njia, atarudi. Kwa hivyo unamfunga, na kila njia panda unazungusha gunia mara tatu. Kutoka Rhonda mpaka hapa kwetu Milimani njia panda ni nyingi. Ya tisa nikaanguka kwa mtaro. Mathe mmoja akauliza ni pombe gani hii, saa hii ya mchana.

Alhamisi, 9 Agosti

Amekataa kuku ya kuchemsha. Nikakula. Ingefanya nini, ioze?

Ameshika panya nne. Raja alikuwa anaogopa panya.

Dualeh ameangalia ile sikio. Nikasema Raja alipigana. Akauliza alipigana na nani, na tumemzika Jumatatu. Amechukua redio yangu. Sasa hajaona kitu.

Ijumaa, 10 Agosti

Wamerudi. Mama amembusu, mpaka ile sikio nilisema ni ya kupigana! Akasema leo Raja ananuka samaki. Nikasema ni mimi. Akakubali haraka sana.

Boss Navin akaona panya. Akasema hatimaye kuna mtu anafanya kazi hii nyumba. Aliniangalia akisema.

Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 11 Agosti

Daktari Reena amekuja kutoka Nairobi. Daktari wa paka! Nilikuwa nakata ua karibu na veranda. Akapima miguu, meno, manyoya. Akasema hajawahi kuona Sokoke safi namna hii.

Mama akafura kama chapati. Akasema lazima Raja atafutiwe bibi. Waagize Denmark. Wangoje mwaka moja, walipe ndege.

Nilivumilia. Nilikata ua. Lakini ujinga ina kiwango! Nikasema, Mama, Denmark ya nini? Dada yake yuko Rhonda kwa Wangu, unatoa kuku tatu tu.

Boss Navin akaweka kikombe chini. Mama akauliza, dada ya nani? Kule geti Dualeh akazima redio yangu.

Nimesema yote. Mpaka ugali. Mama amepiga kelele, paka ameruka ukuta, ameenda. Mimi kesho saa sita niwe nimetoka.

Jumapili, 12 Agosti

Nilifunga kila kitu kwa gunia. Picha ya Wawira juu. Saa tano Mama akapiga honi: ingia, nionyeshe hiyo Rhonda.

Paka alikuwa chini ya meza, anakula kichwa ya tilapia. Mama, na viatu vyeupe, akainama kwa magamba ya samaki, akaita Raja, Raja. Wangu akamwambia hapa anaitwa Inspekta. Na hauzwi.

Halafu Wangu akasema Mama anaweza kukaa naye. Lakini anakula vichwa vya samaki kila siku, na vitachukuliwa na huyu mzee. Mzee akifutwa, Inspekta atarudi kwake na miguu yake mwenyewe.

Mama aliangalia paka. Aliniangalia mimi. Alichagua paka. Mimi nikapita hapo katikati.

Wangu akanivuta kando. Akasema nikija kuchukua vichwa nivae shati safi.

Nimerudisha picha kwa ukuta. Nimekaa, nimefikiria kosa ilikuwa wapi. Nimepata. Gunia ilikuwa na shimo. Paka aliona njia!

Dualeh anasema jirani, Mama Jasleen, amepoteza mbwa yake ya makaratasi. Anazunguka mtaa yote analia. Leo Rhonda, karibu na kinyozi, nimeona moja inafanana kabisa, ukiacha mkia.

Gunia nimeishona. Kesho narudi kazini.