Ombi la Kunyooshwa Pamoja na Mlango wa Gari

Kwa Ndugu Mkadiriaji wa Hasara,
Kampuni ya Bima, ghorofa ya pili, dirisha la tatu.

Salamu nyingi za heshima, kaka yangu. Mimi ni yule mama mwenye bandeji aliyekuja Jumatatu na mtoto wa miezi minane, yule aliyekutafunia risiti. Tunaomba radhi, anaota meno.

Nimeisoma taarifa yako ya makadirio ya ajali. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nimesomewa na wifi yangu, ambaye alicheka mpaka akakaa chini. Naona kuna makosa madogo madogo, na kwa moyo wako mzuri najua utayarekebisha.

1. Umeandika kwamba gari la mteja wenu "liligongana na mtembea kwa miguu". Kaka, kugongana ni kwa wawili wanaokuja. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara na beseni langu la nguo, nikingoja lipite. Kama nilikwenda mbio, ni baada ya kugongwa.

2. Gari limepata ukurasa mzima na nusu: taa, bampa, rangi, kuvutwa, kunyoosha mlango. Mimi nimepata mistari miwili, na mmoja ni jina langu, nalo limekosewa.

3. Penye "Kazi ya majeruhi" nilijaza mwenyewe: mama wa nyumbani. Ukakata kwa kalamu nyekundu ukaandika: hana kazi. Chini yake: "Kipato kilichopotea: sifuri." Sikukasirika, nilidhani labda ni kweli. Lakini tangu nivunjike mkono, hiyo kazi nisiyokuwa nayo inafanywa na watu watatu. Binti wa jirani anafua, kwa malipo. Wifi anapika, kwa maneno. Baba mtoto anatoka kiwandani saa nane badala ya saa kumi na moja ili amwogeshe mwanawe, na mshahara wake umekatwa. Watu watatu, kaka, na bado vyombo vinalala vichafu. Naomba unieleze, inakuwaje sifuri ikawa nzito hivyo kuibeba?

4. Mwenye gari alipewa gari jingine la kutumia siku tisa, lake lilipokuwa gereji. Nimefurahi kwa ajili yake. Nami naomba mkono wa kutumia, wa kushoto, si lazima uwe mpya. Mtoto akinitaka huinua mikono yote miwili. Mimi nampa mmoja, naye anaungoja wa pili. Anauangalia kabisa. Kwenye fomu yako sikuona kisanduku cha kuandika hilo.

5. Hili ndilo kubwa. Daktari anasema mfupa umeunga vibaya, lazima unyooshwe na kutiwa chuma kabla ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, la sivyo utabaki hivyo hivyo na sitambeba mtoto kwa mkono huo tena. Wewe ukaandika: "Kunyoosha mkono: hakulipwi, majeruhi hapotezi kipato." Lakini kwa upande wa gari umeandika: "Kunyoosha mlango: kulipwe." Kaka, neno ni lile lile. Nimeuliza mtaa mzima, wote wanasema kunyoosha ni kunyoosha. Na mlango ule nao hauna mshahara.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba unitoe kwenye orodha ya watu uniingize kwenye orodha ya gari. Ushahidi ninao. Askari ameandika kwamba nilibebwa juu ya boneti hatua sita. Kwa hatua hizo sita sikuwa barabarani wala kando. Nilikuwa sehemu ya gari, upande wa mbele, kati ya taa na kioo. Bodi ninayo. Mshono wa kwenye paji la uso sidai rangi, huo niachieni. Wifi ananitania, "We nawe, ungezaliwa na namba ya usajili ungeshapona." Mtoto msimhesabu, siku ile alikuwa nyumbani, hana hata mkwaruzo, namshukuru Mungu.

Nisalimie karani aliyenipa kiti, mlinzi wa getini, na mama watoto wako, kama naye hana kazi.

Nangoja kunyooshwa,
Majeruhi wa mistari miwili.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika bahasha ndipo nikakutana na fundi aliyelinyoosha gari lile. Amenieleza kwamba kitu kikiwa cha gari hukatwa uchakavu kwanza, yaani thamani yake hupunguzwa kwa uzee, halafu kunyoosha kukizidi thamani ya kitu chenyewe, hakinyooshwi, na mabaki yanachukuliwa na kampuni. Nimepiga hesabu. Mimi mmenipa sifuri, kwa hiyo hata plasta inanizidi. Tafadhali yafute yote niliyoandika juu, mnirudishe kwenye watu leo leo. Siwezi kuja kukaa uani kwenu na magari mabovu, mtoto bado ananyonya. Ila kama huko kwenye watu kunyoosha hakupo kabisa, basi nijulishe kabla ya ishirini na nane, nianze kujifunza kumnyanyua kwa mkono mmoja. Maana yeye kila wiki anaongezeka.