Matone ya Kumrudisha Mke

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya pili sasa mke wangu yuko kwa mama yake. Alisema hapa kwangu anaongea na kuta. Alisema pia birika limejaa magamba meupe na chai ina utando. Kuta sina la kuzifanya. Birika naliweza.

Mimi ni mkaguzi wa mizani sokoni, kisichopimika sikiamini. Leo nimejaza chupa mbili, moja maji ya bomba, nyingine maji ya mvua. Sabuni kidogo kila moja, nikatikisa. Ya mvua ikafura povu hadi shingoni. Ya bomba, utando wa kijivu tu, kama uso wa mtu aliyenuna. Maji magumu! Chokaa tupu! Kumbe maskini alikuwa anateswa na chokaa. Nimempigia shemeji, kaka yake, amwambie dada yake kwamba kiini kimepatikana. Akauliza kiini cha nini. Shemeji hajawahi kuwa mwepesi wa kuelewa.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu wa kemia kanipa kichupa cha dawa na unga wa rangi. Ukitia unga, maji yanakuwa mekundu. Kisha unadondosha dawa, tone baada ya tone, hadi yageuke buluu. Matone mengi, maji magumu. Kazi ya mtoto. Nilifika tone la ishirini nikaona kitana cha mke wangu dirishani, kina nywele mbili. Hesabu ikapotea. Nikakigeuza kitana, nikaanza upya. Ikapotea tena, maana nywele najua ziko pale pale. Mara ya tatu ndiyo nikafika.

Fundi bomba, jirani yangu, alisimama mlangoni akicheka. Eti mtaa mzima unakunywa maji haya haya, na mke wake hajaenda popote. Nimemjibu kwamba bomba la nyumbani kwake linavuja mwaka wa pili. Nyani haoni kundule.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu alisema magadi hulainisha maji ya kufulia. Nikawaza, kwa nini ya kufulia tu? Jana nikamwaga mfuko mzima kwenye tangi la juu ya paa. Nilisahau kidogo kwamba tangi ni la nyumba nzima. Asubuhi chai ya wapangaji wote ilikuwa na ladha ya shati. Mama mwenye nyumba kanipandisha paani na ndoo na brashi, fundi bomba akinisimamia kwa furaha isiyofichika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeyaoga, na yalikuwa laini ajabu.

Jioni shemeji alipita. Mke wangu anauliza kama ninakula na kama ninalala vizuri. Nilitaka kusema kwamba nalala ukingoni mwa kitanda na nafasi yake sijaigusa. Nikampa shemeji vipimo vya Jumanne, nimeviandika kwa mwandiko safi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda mwenyewe kwa mama mkwe, na dumu la maji ya mvua mkononi. Nimewakuta uani, yeye na mke wangu, wanakunja nguo. Jamani, nimemkosa huyu mwanamke, hata kikohozi chake! Mama mkwe alinikaribisha kwa upole, akaingia ndani kutuachia nafasi. Nikaliona bomba lao. Kichupa na unga vilikuwa mfukoni, nikaona heri nipime kwanza, mazungumzo yawe na msingi.

Mke wangu akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Akauliza kama nimekuja kumwona yeye au bomba. Nikamwomba asubiri, niko tone la kumi na tisa. Akasubiri. Matone yakafika idadi ya nyumbani, yakaipita, yakaendelea. Maji ya mama yake ni magumu kuliko yetu! Birika lao nalo jeupe pe kwa magamba, na chai anakunywa! Nikamwonyesha. Akayatazama yale maji ya buluu kwa muda. Akasema chai ya hapa ni mbaya kama ya kule. Ila hapa, akianza kusema, mama yake huweka chini alichoshika. Akasema anatamani kurudi, hata leo. Kisha akaniangalia mikono.

Nilikuwa nimeshika kichupa. Nikamwambia nitalifikiria.

Jumapili, 10 Machi

Sijatoka nje. Maneno yake hayaniachi. Tatizo si maji, nakiri, na mtu wa vipimo akikiri jambo si mchezo. Mama yake huweka chini alichoshika. Nimezunguka sebule yote nikichunguza. Kweli kabisa! Karibu na viti vyetu hakuna pa kuweka kitu. Miaka yote hii, mtoto wa watu, sijamnunulia hata stuli!

Seremala amekubali kutengeneza meza mbili ndogo, nimpelekee vipimo leo leo. Mke wangu alipiga simu nikiwa katikati ya kupima, sauti yake chini, akasema ana neno. Nikamwambia asubiri kidogo, nimeshika futi.