Ombi la Kuiondoa Bahari katika Ijumaa Kuu

Turrialba,
9 Machi.

Kwa Mama Mkwe, Doña Zeneida Quirós,
Mpangaji wa Safari Zote za Familia,
Orosi.

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku hatujambo. Binti yako Marielos anakusalimu, ingawa ameniomba nieleze wazi kwamba barua hii ni yangu peke yangu, na kwamba wakati inaandikwa yeye alikuwa anafua.

Nakuandikia kwa sababu mbele yako ulimi wangu hunilala. Jumapili iliyopita, ulipotupangia safari ya Juma Kuu baada ya chakula, nilikuwa na maneno ya kusema. Nikafungua mdomo, ukanitazama, nikajikuta naomba kuongezewa maharage. Niliporudi nyumbani niliiandika njia yote katika shajara yangu, kama ninavyoandika kila jambo, na ndipo nilipoiona vizuri.

Ulivyoipanga mezani ni hivi. Kikombe cha kahawa kilikuwa Siquirres, ambako tutalala Jumatano kwa mama mdogo Nidia. Kifuniko cha sufuria kilikuwa msitu wa mvua wa juu ya Guápiles, Alhamisi Kuu asubuhi. Kichupa cha chumvi kilikuwa ufuko wa Cahuita, kuanzia Alhamisi mchana hadi Ijumaa Kuu yote. Kipande cha mkate kilikuwa visiwa vya Bocas del Toro, ng'ambo ya mpaka wa Panama, Jumamosi, lakini shemeji Olman alikitafuna kabla hatujavuka mpaka, ukamwambia, "Olman mwanangu, umemeza kisiwa, sasa tutashukia wapi?" Jumapili ni misa, kisha nyumbani.

Ni njia nzuri, Mama. Wageni hulipa pesa nyingi kupita humo humo. Kasoro yake ni moja tu: imelazwa juu ya zile siku ambazo wewe mwenyewe umetukataza kuogelea, kupanda miti, kukata kitu na kusafiri. Na anayeumia ni mjukuu wako Noelia. Ana miaka minane. Amejifunza kuogelea katika bwawa la manispaa na amepewa cheti chenye picha ya kasa. Miaka mitatu mfululizo tumempeleka baharini, na miaka yote mitatu amerudi mkavu. Sina ombi jingine duniani: mwaka huu mtoto aingie baharini. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu msitu. Tangu nioe kwako nimefundishwa kwamba anayepanda mti Alhamisi Kuu au Ijumaa Kuu huota mkia. Sikuwahi kubisha. Mimi si mpandaji. Lakini mwaka jana, pale langoni mwa msitu, uliamua kwamba hata lile daraja la kuning'inia ni mti. Nilikuwepo, nilisikia. Ulimuuliza yule kijana mwongozaji, "Daraja hili limefungwa kwenye nini?" Akasema, "Kwenye miti, bibi." Ukasema, "Basi." Kijana akajaribu kukubembeleza kwamba juu ndiko kwenye ndege wote wazuri, nawe ukamjibu, "Na chini ndiko kwenye watu wasio na mikia." Tukauangalia msitu wa mvua kutoka mahali pa kuegesha magari, tukiwa tumesimama kwenye mstari mmoja kama watu wanaosubiri picha ya kitambulisho. Naomba ufikirie pia yule mnyama mvivu anayelala juu ya miti. Yeye amekuwa akipanda kila Ijumaa Kuu tangu dunia iumbwe, na mkia wake hadi leo ni wa kutafuta kwa darubini.

2. Kuhusu mwendo wa gari. Sheria inasema kwamba ikifika adhuhuri ya Alhamisi Kuu magurudumu yasimame, kwa maana barabara hutoka damu. Kwa hiyo Olman huliendesha lile basi dogo kutoka msituni hadi Cahuita kana kwamba tumeiba kitu, na mama mdogo Nidia husali rozari kwa sauti ambayo haimtulizi dereva. Mwaka jana adhuhuri ilitukuta katikati ya mashamba ya ndizi. Wewe ukaitazama saa ya Olman, ukatangaza, "Saa hii inawahi. Twende." Nilifurahi sana, Mama. Siliandiki hili kukuumbua. Naliandika kwa sababu lilinionyesha kwamba sheria hizi zina mwenyewe, na kwamba mwenyewe akitaka, adhuhuri husogea. Kama adhuhuri imewahi kusogezwa kwa ajili ya basi, naomba isogezwe pia kwa ajili ya mtoto.

3. Kuhusu bahari yenyewe. Hapa ndipo penye uchungu, na naomba uniruhusu kuwa mrefu.

Anayeogelea Ijumaa Kuu hugeuka samaki kuanzia kiunoni kushuka chini. Vizuri. Ili watoto wasishawishike, wewe huvipanga viti vyetu ufukweni vikiipa bahari mgongo. Kwa hiyo Ijumaa Kuu nzima familia ya Quirós huketi kwenye mchanga mweupe wa Cahuita ikitazama barabara. Watu wa pale wametuzoea. Yule mama anayeuza wali na maharage ya nazi hutusalimu kwa kusema, "Leo magari mangapi yamepita?" na Olman humjibu kwa idadi kamili.

Mwaka jana ulipokuwa unasinzia, Noelia aliinuka akaenda hadi ukingo wa maji, akatia kidole kimoja cha mguu. Kidole kimoja, Mama. Ulipiga ukelele ukiwa bado umefumba macho: "Noelia! Toa kidole hicho kabla hakijaota magamba!" Ufuko mzima uligeuka. Mjerumani mmoja, ambaye hakuelewa neno lolote, alitoka majini mbio akiwa amemshika mkewe mkono, na nusu saa baadaye walikuwa bado wanachunguzana miguu.

Tena mtoto ana akili. Alikuuliza, "Bibi, na mvua je? Ikininyeshea Ijumaa Kuu?" Ukamjibu bila kusita kwamba mvua inatoka juu, haina tatizo. Akauliza, "Na bomba la bafuni?" Ukasema inategemea na nia ya mtu. Tangu hapo mimi mwenyewe nikioga Ijumaa Kuu hukaza nia hadi naumwa kichwa.

Kuhusu watalii, ambao huogelea siku hiyo mbele ya macho yetu na kutoka wakiwa na miguu yote, wekundu kama kamba waliochemshwa, jibu lako lilikuwa kwamba wengi wao hawajui hata ni Ijumaa, na sheria haimshiki asiyejua siku. Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Kama ni hivyo, dawa ni nyepesi: tusimwambie Noelia ni siku gani. Niko tayari kuondoa kalenda zote nyumbani kuanzia kesho.

4. Kuhusu chakula. Hili sikulifikiria hadi juzi, na tangu nilifikirie silali vizuri. Ijumaa Kuu hatuli nyama, tunakula samaki. Na Ijumaa Kuu, kwa mujibu wa mafundisho yako, ndiyo siku ambayo wakaidi wa nchi nzima hugeuka samaki. Sasa naomba tuiweke hesabu hii pamoja, taratibu, kama watu wazima. Wakaidi wanaingia majini asubuhi. Wavuvi wanarudi saa tano. Sisi tunakaa mezani saa saba. Mama, tunamla nani?

Uliwahi kutusimulia habari za mtu mmoja wa Puntarenas, binamu wa marehemu Don Chepe, aliyekwenda kuogelea Ijumaa Kuu na asionekane tena hadi leo. Olman anasema dereva mmoja wa lori alimwona kule Nicaragua, na alikuwa na afya. Lakini kama unavyosimulia wewe ndivyo, basi ni lazima tukubali kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukimkamulia ndimu ndugu wa watu. Na wale nyani wenye nyuso nyeupe wa Cahuita, wanaofungua mifuko yetu na kuchukua zile sambusa zako za boga la chiverre tu huku wakiacha za wengine: wamejuaje zipi ni zako? Hao nao ni ukoo fulani uliopanda miti Alhamisi. Mmoja ana namna ya kujikuna sikio ambayo nimeiona kwa jamaa zetu wa Orosi. Sitaji jina.

5. Kuhusu kisiwa. Jumamosi tutakuwa Bocas del Toro, tumezungukwa na bahari pande zote, na hatutaigusa, kwa sababu uliamua kwamba hadi kengele za misa ya mkesha zilie, Bwana hajafufuka na maji hayajafunguliwa. Kengele zitalia usiku. Usiku mtoto amelala. Jumapili ni misa, na misa ikiisha tunakimbilia boti ili tuwahi foleni ya mpakani. Nimejaribu kutafuta dakika ambayo Noelia na bahari watakuwa mahali pamoja na wote wawili wameruhusiwa. Haipo. Hata mtu aliyekusudia kumficha mtoto bahari asingeweza kupanga njia nzuri kuliko hii.

Kwa sababu hizo tano naomba mojawapo ya yafuatayo. Kwanza, njia igeuzwe: tuondoke Jumapili ya Matawi, tuanze na bahari Jumatatu, na Ijumaa Kuu ituangukie kwa mama mdogo Nidia kule Siquirres, ambako hakuna maji ya kumgeuza mtu yeyote isipokuwa pipa la kufulia. Nitaomba ruhusa kazini; nitasema naumwa, na siku hizo nitajitahidi kuumwa kweli. Ikishindikana, familia yetu iadhimishe Ijumaa Kuu siku ya Jumanne, kwa siri, kwa ibada kamili, tukiwa na huzuni ileile. Na ikishindikana hiyo nayo, nimekwisha kuandaa barua kwa Askofu nikimwomba aihamishie Ijumaa Kuu mwezi wa Oktoba, ambapo huku kwetu mvua inanyesha kutwa, hakuna mtu anayetamani kuogelea, na barabara, kwa matope yaliyopo, haiwezi kutoka damu hata ikitaka.

Kama yote haya unayaona ni utovu wa adabu, naomba uniadhibu mimi, si mtoto. Niko tayari kukaa kwenye kiti kinachotazama barabara maisha yangu yote. Yeye mpe bahari.

Nisalimie Olman na basi lake, mwambie breki zikaguliwe mapema safari hii. Nisalimie mama mdogo Nidia, Padre, majirani wa pande zote mbili, hata yule wa kushoto ambaye hamsalimiani. Wasalimie na kuku wako, ambao kila mwaka hubaki nyumbani na kuliadhimisha Juma Kuu kwa utulivu kuliko sisi.

Ni mimi mkweo, mwenye heshima nyingi kwenye karatasi na nyingi zaidi uso kwa uso,

Evelio Sanabria Mora

Nyongeza: Mama, naomba uisome hii kabla hujamwonyesha mtu yeyote barua iliyo juu.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea Marielos jikoni, kwa sauti, maana nilikuwa nimejivunia hasa pale kwenye samaki. Noelia alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilitegemea atanirukia shingoni. Aliingia chumbani kwake, akarudi na mkoba, akaumwaga sakafuni mbele yangu. Miwani ya kuogelea. Kitana. Kioo kidogo. Kiatu hata kimoja hakimo. Nikamuuliza viatu viko wapi. Akasema, "Vya nini, baba? Nitavivaa wapi?"

Baiskeli yake amekwisha kumpa binamu yake Jimena, kwa sababu huko chini baharini haina kazi. Amekwisha kumuaga mwalimu wake. Ameingoja Ijumaa Kuu miaka mitatu, na kila mwaka, anasema, bibi anamwahi. Nilipomwambia kwamba nakuomba twende baharini Jumatatu, aliniangalia kwa huruma. "Jumatatu mtu analowa tu," akasema.

Nilikuwa na hoja zote kichwani, Mama, umezisoma mwenyewe. Nilifungua mdomo ili nimweleze kwamba hakuna mtu aliyewahi kugeuka samaki. Nikautazama uso wake. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Bibi yako hajawahi kusema uongo." Marielos akaegemea sinki, akaficha uso kwa kitambaa cha vyombo, na sijui alikuwa anacheka au analia.

Basi naondoa malalamiko yote, la kwanza hadi la tano. Ya Askofu nimeichana. Njia ibaki kama ulivyoipanga mezani, na Ijumaa Kuu ituangukie Cahuita. Viti vitazame barabara. Naomba tu cha mtoto kiwekwe katikati, kati yako na mimi, na siku hiyo usisinzie. Ana miaka minane. Ataamini mwaka mmoja zaidi, labda miwili. Mshike, Mama. Piga kelele kadiri uwezavyo. Akiponyoka akaingia majini Ijumaa Kuu, mimi siogopi kabisa kwamba atageuka. Naogopa atatoka na miguu yake yote miwili.