Leso ya Lodi

Jumatatu, 11 Januari 1965

Na bado nasema pua ile ya mbwa wetu haikuwa na ugonjwa wowote. Ni jua tu! Jescah wa nyumba ya pili akasema ni upele na nitamwambukiza mume wangu. Wivu. Yeye ameolewa miaka sita, mimi wiki tano.

Cleophas wangu! Karani wa kilimo, shati jeupe, sauti ya kuimbia kwaya. Mzungu wake aliporudi kwao kabla ya Krismasi alimwachia mbwa. Jina lake Lodi. Mweupe kote, manyoya mafupi, pua na masikio rangi ya waridi. Mbwa wa kwetu hushinda juani tangu azaliwe na halimdhuru. Huyu ameanza kubabuka kama viazi vilivyochemshwa. Cleophas anampenda. Kwa hiyo nami nampenda.

Jumamosi Mama Jael, mama mkwe, anakuja kutoka Khayega kunipa mafiga. Mawe matatu, ayapange kwa mkono wake, awashe moto wa kwanza. Mpaka siku hiyo mimi ni mgeni tu hapa Shieywe, napikia jiko la kuazima (la Jescah!). Bila mafiga ya mama hakuna anayenihesabu kuwa mke. Hata mimi sijihesabu.

Mama hapendi kidonda karibu na chakula. Lodi lazima apone kabla ya Jumamosi. Nina siku tano na nimesoma sekondari.

Jumanne, 12 Januari

Samli. Tulifundishwa shuleni kwamba mafuta huzuia ngozi kukauka. Nimempaka kopo zima, kuanzia pua hadi mkia. Aling'aa! Saa sita akalala katikati ya uwanja, jua likamshika vizuri. Harufu ilifika barabarani. Mbwa wote wa Shieywe walikuja kumlamba.

Jescah akaniita kutoka kwenye ua wake: "Bibi harusi! Unamkaanga au unamchemsha? Nilete ugali?"

Masikio yamezidi kuwa mekundu. Jioni Cleophas aliuliza samli ya mboga iko wapi. Nikamwonyesha mbwa. Akala mboga kavu. Jinsi anavyopendeza akitafuna!

Jumatano, 13 Januari

Udongo mweupe, ule wa kupaka ukuta. Ukuta haubabuki, nikafikiri. Nimempaka Lodi uso, masikio na mgongo. Kazi safi sana.

Mzee Barasa, anayesali kanisa moja na Mama, akapita. Akasimama. Akavua kofia. Akauliza ni ukoo gani unamtia mbwa jandoni na kumpaka udongo wa wanaotahiriwa, tena mwaka ambao si wa jando, na nani ametoa ruhusa. Nikaeleza ni dawa ya jua. Akasema amezika wazee wengi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jambo hili, na kwamba kesho anakwenda soko la Khayega.

Khayega!

Nimemwosha Lodi kwa brashi. Nimebandua udongo pamoja na ngozi ya pua. Amelia. Nimelia. Hata wingu moja halikupita leo.

Alhamisi, 14 Januari

Alfajiri nilimfungia ndani. Akala kiatu cha Cleophas cha kushoto, cha harusi. Nikamtoa.

Kisha nikachukua mwavuli niliotembea chini yake siku ya harusi. Lodi akienda, naenda. Akilala, nasimama. Anapenda kulala juani tu, na kivuli kikimfikia anahama. Tumehama mara kumi na nne. Wanawake wanaokwenda bombani walitua ndoo zao kututazama. Mmoja akamwuliza mwenzake kama ndivyo walivyosomeshwa huko sekondari. Upepo ukaupindua mwavuli. Vijiti vitatu vimevunjika.

Cleophas kaenda kazini na raba. Hakulalamika. Moyo wake ni bahari.

Ijumaa, 15 Januari

Nimepata! Kwa nini sikufikiri mapema? Nguo!

Nguo yenyewe ni leso aliyonifunga Mama kiunoni mlangoni pa kanisa, mbele ya watu wote. Nyekundu, pindo jeusi. Leso huja mbili, na ya pili imekaa sandukuni haijaguswa. Kwa hiyo hii ya kwanza ni kama ya ziada.

Cherehani ni ya Jescah. Alipoona kitambaa akauliza, "Hiyo si leso ya mama mkwe wako?" Nikamwambia ziko mbili. Akanitazama. Hakucheka. Nadhani sasa ananiheshimu.

Mikono minne, kofia yenye mifuko ya masikio, kamba chini ya tumbo. Lodi ameivaa bila kugombana! Amelala juani saa tatu nzima na pua imo kivulini. Nimeshinda. Kesho Mama ataona ni binti wa namna gani mwanawe amemwoa.

Jumamosi, 16 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nilichinja kuku mapema. Saa nne wakafika: Mama na jiwe moja kichwani, wifi yangu Khalayi na mawili kwenye kikapu. Nikapiga magoti kusalimu. Lodi akanipita mbio kwenda kuwapokea, pindo jeusi likipepea.

Mama aliangalia leso. Akaniangalia mimi. Akaangalia leso tena. Akasema polepole, jiwe likiwa bado kichwani:

"Khalayi, bibi harusi ni huyu aliyevaa leso yangu. Mwulize kama mafiga anayataka jikoni au nje."

Khalayi akacheka, akatazamwa, akanyamaza. Nikaanza kueleza habari za jua. Mama akasema Barasa alimsimulia udongo na yeye akamwita mwongo mbele ya soko zima, na sasa itabidi amwombe radhi. Hakukaa. Hakunywa chai. Mawe yakarudi, yote matatu. Cleophas akawasindikiza mpaka kwenye basi, na aliporudi akakaa ukingoni mwa kitanda.

Ingokho, yule kuku, na jungu lote la obusuma, ugali wetu. Hakuna aliyegusa. Lodi alikula finyango zote, hata firigisi ya mwenye nyumba.

Jumapili, 17 Januari

Kanisani Cleophas hakugeuka hata mara moja kutazama upande wa wanawake. Shingo nzuri sana.

Mchana alimvua Lodi leso, akaifua mwenyewe, akaikunja na mikono yake minne. Kisha akasema maneno yake ya kwanza tangu jana. Niende Khayega peke yangu, nimeifunga ile ya pili kiunoni, nipige magoti. Mama akiona moja imetunzwa, labda moyo utalegea. Akaniomba tafadhali nisibuni kitu kingine.

Tafadhali! Nani mwingine huombwa hivyo na mumewe?

Jumatano, 20 Januari

Khalayi alikuja sokoni, akapitia hapa. Mama amepoa kidogo. Mawe yako karibu na mlango, hayajatupwa. Anasubiri kuiona leso ya pili, ndilo analolizungumzia tu. Nilimkumbatia Khalayi nusura aanguke.

Akiwa ameshavaa viatu, akataja kwamba nguruwe wa Mama, yule mweupe, ameanza kubabuka masikio kwa jua hili, na Mama hana raha.

Masikio! Kwa jua!

Nimekaa nikifikiri mpaka chai ikapoa. Leso kiunoni mwangu inamfaa nani? Lakini Mama akiiona imemkinga mnyama wake mwenyewe, ataelewa yote kwa mara moja, hata ya Lodi. Jescah amenipa cherehani na safari hii amekaa kabisa kitini kunitazama. Nguruwe ni mnene. Itatumika yote.

Cleophas sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.

Imebaki mikono miwili na kofia. Basi Mama aniwekee mawe yale palepale mlangoni. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika Khayega.