Somo la Kubebwa Kifudifudi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi! Tuseme nimejitungia. Shemeji, mkuu wa mabaunsa wa ukumbi wa harusi, aliapa kwamba ikifika Jumamosi sina kazi, nihame sebuleni kwake. Dada akanitetea kwa kuendelea kuosha vyombo. Basi nikamwendea mwenye ukumbi. Nikamwambia mabaunsa wake wanatoa walevi vizuri, ila bila Kiingereza. Niwafundishe maneno ya kumtoa mtu, pamoja na asili yake. Kanipa wiki ya majaribio. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini yeye hata maji haombi.

Jumanne, 4 Machi
Somo la kwanza: "manhandle", kumshika mtu kwa mabavu. Nikasema asili yake ni "handle", mpini, yaani mtu hushikwa kama jembe. Hii niliitunga bafuni. Wanafunzi wanne, shemeji akiwemo, kila mmoja mpana kama kabati. Hawaelewi kitu mpaka wakishike. Mmoja, jina la utani Kijiko, akauliza mpini wa mtu uko wapi. Akautafuta kwangu. Shingo bado haigeuki.

Alhamisi, 6 Machi
Fitina! Mpiga picha wa ukumbi, anayejiita Profesa, alisikiliza dirishani. Ana kamusi ya asili za maneno, nene kama tofali. Kamwambia mwenye ukumbi kuwa mimi tapeli. Kesho tunapambanishwa. Nikishindwa, kwaheri sebule. Roho juu! Alipokwenda kula nikaiazima kamusi yake. Kuazima bila kusema ni kuazima pia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda! Kwa dakika kadhaa. Nikawatajia "frogmarch", mwendo wa chura: zamani polisi walimbeba mkorofi kifudifudi, wanne, kila mmoja na mkono au mguu wake, akabaki kama chura. Kweli tupu, imeandikwa! Mwenye ukumbi akapiga makofi. Laiti ningeishia hapo. Nikapendekeza Profesa awe mfano. Profesa akasema yuko tayari, ila kwanza arudishiwe kamusi yake, ambayo kona yake inachungulia kwenye koti langu.

Mabaunsa wakanitazama kwa furaha ya wanafunzi waliokutana na swali walilolisoma. Shemeji akashika mguu wangu wa kulia, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu zimeishia mtaroni. Njia nzima Kijiko aliniuliza kama wanapatia. Nikamwambia vizuri sana, inua kidogo kushoto. Mwalimu ni mwalimu.

Jumamosi, 8 Machi
Godoro langu nalo limetolewa kwa mtindo uleule, kila pembe na mtu wake. Dada amelia, kisha kanifungia mkate. Niko kwa shangazi. Ananihesabia vijiko vya sukari kwa macho.

Nimetafakari sana. Kosa limeonekana: koti lilikuwa dogo.

Kinyozi wa hapa jirani anatafuta mtu wa kumfundisha Kiingereza cha kushika vichwa vya wateja. Nimemwambia mimi ni bingwa, najua mpaka asili. Kasema naye haelewi bila vitendo. Nimemtoa wasiwasi: kichwa cha mfano kitakuwa changu. Ananoa wembe.