Maoni ya Muuza Pampu

Jumatatu, 15 Julai

Jana Jumapili, saa tano asubuhi, nilinyang'anywa karatasi zangu. Kura tano kwa mbili. Kamati ya maktaba ya kijiji imeamua kwamba maoni yangu, niliyokuwa nikiyabandika ndani ya jalada la kila riwaya ya upelelezi au ya kihistoria niliyoimaliza, yabanduliwe yote. Sababu: msomaji mmoja amelalamika kwamba namtaja muuaji. Jina la msomaji limefichwa. Muuaji asitajwe, mlalamikaji asitajwe, ila mimi Lonappan nimetajwa mara nne kwenye muhtasari wa kikao.

Kazi ya kutoa maoni kapewa Mwalimu Balagopalan, mstaafu. Huyo hajawahi kukutana na kitabu kibaya.

Niseme kweli hapa, ambapo hakuna kamati. Karatasi zenyewe si kitu. Kinachoniuma ni penseli. Chini ya maoni yangu kuna mtu alikuwa akinijibu kwa penseli, mwandiko mdogo uliolalia kulia. Simjui. Niliandika juu ya *Panga la Malkia wa Pilipili* kwamba askari elfu kumi waliozingirwa ngomeni, nusu kilo ya mchele kila mmoja, wanakula tani tano kwa siku. Ghala la ukurasa wa 12 halizidi tani mia. Kwa hiyo siku ya ishirini na moja wamekwisha, na kurasa mia mbili zilizobaki ni habari za mizimu. Kitabu kiliporudi nikakuta: "Walikula samaki. Ngome iko mtoni, ukurasa wa 31. Soma vizuri, fundi."

Nilitembea na jibu hilo wiki nzima. Tangu mke wangu Annamma afariki, hakuna wa kuniambia nimekosea. Vijana wa dukani wanasema ndiyo bosi. Watoto wako Dubai, wanasema sawa baba, wanakata simu.

Nataka penseli yangu.

Jumanne, 16 Julai

Mvua tangu alfajiri. Nimejipikia uji wa dawa wa Karkidakam, mwezi huu wa mvua. Umeungua. Nimeunywa hivyo hivyo.

Nimemaliza *Kisima cha Karani*. Maoni: mpelelezi anakausha kisima kwa pampu moja huku anakunywa chai. Kisima kina upana wa mita tatu, kwenda chini mita kumi. Hizo ni lita elfu sabini. Pampu ya nguvu-farasi moja, ikiwa haina homa, inatoa lita elfu tatu kwa saa. Ni chai gani hiyo ya saa ishirini na tatu? Mwandishi hajawahi kununua pampu. Wala mhariri wake.

Nikaenda kwa Sudhakaran, katibu wa maktaba, kumwambia nimebadilika. Sitamtaja muuaji tena. Nitataja wasio na hatia tu, ili msomaji asiwashuku watu wa heshima bure. Nikampa mfano niliouandaa. Akausoma, akahesabu kwa vidole, akaniuliza washukiwa kitabuni ni wangapi. Watano. Na mimi nimewasafisha wangapi? Wanne.

Akanirudishia karatasi. Mzee Lonappan, akasema, nenda nyumbani, mvua inazidi.

Alhamisi, 18 Julai

Mbinu mpya. Ramani, mhudumu wa maktaba, ndiye anayebeba vitabu vyake kwenye mfuko, nyumba hadi nyumba, kwa akina mama na kwa wasioweza kutoka. Nimempa koti la mvua kutoka dukani, zito, la njano. Sharti: kila akitoa *Kisima cha Karani*, ayaseme maoni yangu kwa mdomo. Kamati ilikataza karatasi, haikukataza mdomo. Mwenye penseli atasikia, atashindwa kunyamaza.

Jioni karudi. Nikauliza wamesemaje. Akasema akina mama wawili wanataka kujua pampu ya kaka Lonappan ni bei gani, na wa tatu anauliza kama inakuja na bomba lake. Walidhani ni tangazo la duka.

Nimeuza pampu mbili. Sijawahi kufanya biashara kwa huzuni namna hii.

Nikamuuliza basi mwenye penseli ni nani, maana hakuna mlango asioufikia. Akanitazama kama mtu niliyemwomba afukue kaburi. "Kaka, nikianza kusema nani anasoma nini, kesho nani atanifungulia mlango?"

Koti hakurudisha.

Jumamosi, 20 Julai

Nimetafakari. Kizuizi ni Balagopalan. Akitoka yeye, narudi mimi. Na hasomi, nina hakika. Maoni yake ya wiki hii: "mto wa hisia." Riwaya yenyewe inahusu ukame.

Kwa hiyo, kabla riwaya mpya ya kihistoria haijamfikia, nimegandisha kurasa nane za katikati kwa gundi ya wanga. Ni kurasa anapofariki mfalme. Atakayezikosa atamkuta mfalme anazikwa bila kufa. Mtu anayesoma atarudi analalamika. Asiyesoma atasifu.

Kazi safi, vidole vyangu havijasahau kubandika.

Jumatatu, 22 Julai

Kasifu. "Simulizi isiyo na mshono." Kurasa bado zimeganda.

Nikakibeba kitabu hadi mbele ya kamati, nikakiinua ili hata wa nyuma waone. Nikauliza mtu anawezaje kusifu kitabu ambamo mfalme anazikwa kabla ya kufa.

Balagopalan akainuka taratibu, mkono umeshika meza. Akasema ni kweli, hakukisoma. Ni presha ya macho, mwaka wa pili sasa, na daktari amesema kilichopotea hakirudi. Mkwewe humsomea akishamaliza vyombo. Alipofika kwenye kurasa zile alimwambia, baba, mvua imezishika hizi, turuke, mwezi huu hata chumvi inashikana. Mfalme kuzikwa bila kufa alikugundua, akasema, ila aliona haya kumsumbua binti aliyechoka. Akaniomba radhi. Mimi.

Hakuna aliyemtazama yeye. Sudhakaran akanusa ukurasa, akauliza mvua ya wapi inanuka wanga.

Nimefungiwa kuazima mwezi mzima. Balagopalan anaendelea, kura saba kwa sifuri. Hata wale wawili wangu.

Jumatano, 24 Julai

Dukani giza, umeme umekatika. Ramani kaingia na koti lake la njano, anachuruzika maji. Akasema ametumwa, vinginevyo asingefungua mdomo.

Mwenye penseli ni Saudamini, muuguzi mstaafu, nyumba ya nyuma ya kinu cha mpunga. Alivunjika nyonga Januari na hajashuka kitandani tangu hapo. Na ndiye yeye aliyenishtaki kwa kamati.

Nikakaa juu ya boksi la pampu.

Ramani akaeleza alivyoambiwa aeleze. Mtu wa kitandani hana cha kungojea. Chai inakuja vilevile, dari ni ileile. Kitu kimoja tu asichokijua leo na atakachokijua kesho ni mwisho wa kitabu, "na huyo mzee wa pampu ananimalizia hata sijafungua ukurasa wa kwanza." Lakini ubishi anaukosa. Tangu karatasi zitolewe, vitabu vinapita kimya kama wageni wa msibani. Kwa hiyo nimwandikie, Ramani atabeba, atanijibu kwa penseli yake. Sharti ni moja: mwisho nisiuguse. Nikiugusa mara moja tu, basi, hataki kunisikia tena.

Nikasema nakubali. Ramani akajifanya anaangalia mabomba.

Alhamisi, 25 Julai

Nimeandika mara tatu. Hii ndiyo iliyokwenda na Ramani asubuhi. Naiweka nakala hapa kwa sababu sijawahi kuandika kitu chenye adabu kama hiki.

"Sista Saudamini,

Pole na nyonga. Sharti lako nimelipokea na nalikubali lote. Kuanzia leo mwisho wa kitabu siugusi, na ili usidhani ni maneno matupu, nakupa ushahidi kwa hicho unachokisoma sasa, *Mgeni wa Bweni la Reli*. Ramani anasema umefika ukurasa wa 60. Hapa chini simtaji muuaji. Nauliza hesabu tu.

Sanduku lenye maiti lina kilo tisini. Ngazi ina vidato arobaini. Mkuu wa stesheni ana mkono mmoja. Mpishi ana miaka sabini. Mjane hahusiki, maana ndiye maiti. Je, mwandishi alikuwa na haki ya kutuficha hadi ukurasa wa 212 kwamba yule mwanafunzi mpole aliwahi kuwa kuli wa bandarini? Mimi nasema hakuwa na haki.

Usinizungushe. Nimekosea au sijakosea? Ramani anapita kwangu Jumamosi saa kumi jioni. Nataka aje na jibu, kwa penseli.

Lonappan"